Nani Alimwosha Salim

Mwanangu Riziki,

Umekwenda Mtongwe kuwaaga shangazi zako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana wale wakishakukalisha hawakuachii mpaka uonje kila sufuria. Begi lako liko hapa kitandani. Nilikuwa nashona kofia ya yule bwana harusi wa Junda, lakini leo mkono haushiki sindano, basi nimeiweka kando nikachukua karatasi. Kusema nawe uso kwa uso nimeshindwa. Kila nikifungua mdomo unanikumbatia na kusema, "Mama, usianze," nami nanyamaza kama mtoto aliyepewa pipi.

Sitakuandikia habari za kula na kulala. Tabibu humu ndani ni wewe. Swala unaijua, na soksi za sufu nimezitia chini kabisa ya begi. Ukizicheka, ukafe na baridi huko bara. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya babu yako, ile nusu ambayo sijawahi kukupa.

Siku uliporudi kutoka kwenye mahojiano ya jeshi ulikuwa unacheka tangu mlangoni. Ulinihadithia kwamba afisa mmoja mkubwa alikuuliza kwa nini binti wa Likoni mwenye diploma yake anataka jeshi, nawe ukamjibu: "Babu yangu alikuwa dresa wa jeshi Burma, wakati wa vita vya Wazungu. Aliokoa watu chini ya risasi mpaka daktari wake akavikwa nishani ya msalaba ya mfalme. Mimi nataka kuwa yule daktari." Ukasema wazee wote pale mezani waliinamisha vichwa kwa heshima. Wewe ulifurahi, na mimi niliingia jikoni nikajifanya naangalia wali. Maneno yale yalikuwa yangu, Riziki. Nilikulea nayo tangu hujaota meno, nawe uliyatoa mbele ya wale watu hukuongeza wala hukupunguza. Pale jikoni nikajua kwamba nimekupeleka jeshini kwa mdomo wangu mwenyewe.

Utasema si hadithi, ni kazi. Ni kweli. Umemaliza chuo, umejitolea kwenye zahanati hapa Shika Adabu mpaka viatu vikaisha soli, umeomba kila mahali, na waliokuita ni jeshi peke yao. Kama ningekuwa na kazi nyingine ya kukupa ningesema usiende. Sina. Kwa hiyo usiisome barua hii ukitafuta mahali ninapokuomba ubaki, kwa sababu hapapo. Nimeshakata tamaa ya kukuzuia, na pia nimekata tamaa ya kujidanganya kwamba watakuweka ofisini. Nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu kwamba mkimaliza mafunzo mnapelekwa mpakani. Ulifunga mlango, lakini mlango wenyewe unaujua ulivyo.

Basi, baba yangu. Mtaani alikuwa akiitwa Daktari Bakari, na wewe ulikua ukiliona jina hilo ni kubwa, lakini hapa kwetu kila aliyewahi kushika sindano huitwa daktari. Alikuwa dresa. Aliosha vidonda, alishika taa daktari akikata, na zaidi ya yote alibeba machela. Daktari mwenyewe alikuwa kapteni wa Kiingereza ambaye askari walimpa jina la Bwana Miwani. Usidhani nakuja kukwambia alikuwa mtu mbaya. Baba alimpenda. Alisema alimwona akipasua watu amesimama kwenye tope, mvua inapenya turubai, mpaka miguu ikavimba ikabidi viatu vichanwe kwa kisu. Mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia, na pengine ingekuwa rahisi kwa baba kama angeweza.

Alikuwapo pia Salim. Salim alikuwa mtoto wa Bi Rukia, nyumba ya pili kutoka kwetu. Yeye na baba walitahiriwa siku moja, wakasoma chuo kimoja cha Kurani, wakaenda kuandikishwa pamoja. Baba alijua kusoma kidogo kwa Kizungu, akatiwa kwenye matibabu. Salim akapewa bunduki.

Asubuhi moja ya mvua kikosi cha Salim kiliteremka mtoni kule Burma kikapigwa vibaya. Majeruhi walilala chini ukingoni, na kituo cha matibabu kilikuwa juu ya kilima. Bwana Miwani alichukua wabeba machela wake akateremka nao mwenyewe, bila silaha, risasi zikipita. Kwa hilo alistahili kila alichopewa, na baba hakuwahi kulikana. Lakini machela zilikuwa chache, njia ilikuwa utelezi mtupu, na kupanda na mtu mmoja kulikuwa kazi ya watu wanne. Kwa hiyo Bwana Miwani alitangulia mbele yao, akipita baina ya waliolala. Aliinama, akatazama, akasema, "Huyu," au akasema, "Yule mwacheni," akaenda kwa mwingine. Aliyevunjika mguu huchukuliwa. Aliyepigwa tumboni haponi, na akibebwa anachukua nafasi ya anayepona. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake.

Nawe unaijua. Mwaka ule ulipokuwa unafanya mtihani wa mwisho ulikuwa ukiisoma kwa sauti hapo barazani, mimi nikishona. Kadi nyekundu, kadi ya manjano, kadi ya kijani. Kadi nyeusi, ya yule wa kuachwa, ulikuwa ukiisema haraka halafu unapita. Uliniuliza kwa nini nimejichoma sindano, nikakwambia macho yamezeeka.

Salim alikuwa amepigwa tumboni. Bwana Miwani alimwinamia, akainuka, akaonyesha mtu wa mbele. Baba alikuwa nyuma yake na machela begani. Salim alimtambua. Akamwomba asimwache, akamwambia, "Bakari, usiniwate." Baba akamjibu, "N'naja, Salim. N'naja sasa hivi." Akapita, akamwinua yule wa mbele, kijana wa bara aliyevunjika mguu, ambaye jina lake hakupata kulijua. Walipomfikisha juu, adui alikuwa ameshavuka mto. Hakuna aliyeteremka tena, wala siku ile wala siku nyingine, maana kikosi kizima kilirudi nyuma. Salim alibaki pale alipolala.

Kazi ya asubuhi ile ndiyo iliyovikwa msalaba. Alikuja jenerali, wakapangwa mstari kwenye uwanja waliousafisha wenyewe, Bwana Miwani akaitwa jina akatungikwa msalaba kifuani. Baada ya hapo aligeuka akamwambia mkalimani awaeleze wabeba machela kwamba nishani ile ni yao wote. Wakapiga makofi. Baba alisema alipiga makofi kwa moyo wake, na msalaba ukabaki palepale ulipotungikwa. Wao walipata nyota ya shaba vita vilipokwisha, ile aliyopewa kila aliyefika nchi ile, mpishi na mchunga nyumbu wote sawa. Haikuwa na jina la mtu. Ungeweza kubadilishana na mwenzako na msingejua.

Hii ndiyo hadithi uliyowapelekea wale wazee, ukiitazama kwa upande wa pili. Sikukwambia uongo. Nilikomea mahali pazuri, basi. Nikikuona umelala kifudifudi mkekani unanisikiliza, kila mara nilikomea palepale.

Baba aliporudi Likoni, Bi Rukia alimkuta mlangoni kabla hajatua mfuko. Barua ya serikali alikuwa ameshapata, kwamba mwanawe amekufa. Hakulia. Alimwuliza jambo moja tu: "Nani alomuosha mwanangu?"

Wewe mtoto wa Kiislamu unajua uzito wa swali hilo. Palikuwa na wazee waliobishana msikitini kama aliyekufa kwenye vita vya mfalme wa Kizungu ni shahidi asiyeoshwa, au ni maiti kama maiti wengine. Bi Rukia hakuwa na haja na mabishano. Alikuwa na mtoto mmoja, na alitaka kujua ni mikono ya nani iliyomgeuza.

Baba akasema, "Ni mimi, mama. N'limuosha mwenyewe."

"Kwa maji gani?"

"Ya mto."

"Na sanda?"

"N'limtia kwenye blanketi langu."

"Na kibla ulikijuaje?"

"Kwa jua, mama. Mvua ilikuwa ishakatika."

Kila swali lilitaka uongo mpya, na baba akautoa, kijana ambaye hata kofia hajavua. Bi Rukia akasema Alhamdulillahi, akamwekea mkono kichwani, akaenda zake. Siku chache baadaye baba alimpelekea ile nyota ya shaba, akasema serikali imemtunuku Salim. Bi Rukia aliivusha kivukoni mpaka kwa sonara ili amtengenezee kidani, sonara akairudisha, akasema si fedha, haina maana kuitia motoni. Akaitungika kwenye nguzo ya kitanda. Alipofariki, watoto wa jamaa zake waliichezea uwanjani mpaka ikachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Ulipokuwa ukiniuliza nishani ya babu iko wapi nikakwambia imeibwa, hiyo ndiyo habari yake.

Lakini uongo ule haukuishia kwa Bi Rukia. Ulizunguka mtaa mzima: kijana wa watu, peke yake, kwenye nchi ya ukafirini, risasi zinalia, amemwosha mwenziwe na kumkafini na kumwelekeza kibla. Mzee aliyekuwa akiosha maiti wa kiume hapa mtaani alipofariki, hawakufikiri mara mbili. Wakamwendea Bakari. Angewajibu nini? Akawa mwosha maiti mpaka uzee ulipomkataza. Wazee, watoto wachanga, waliogongwa na magari, waliozama, wote walipita mikononi mwake. Nilikuwa namwona anavyosimama nje ya mlango wa nyumba yenye msiba kabla hajaingia. Watu walidhani anasoma dua.

Kazi yangu nilipokuwa msichana ilikuwa kummiminia maji ya kunawa anaporudi. Siku moja alasiri alirudi kutoka kumwosha kijana aliyefia kiwandani Changamwe, kijana mdogo, mzuri. Nilimmiminia birika la kwanza likaisha, akaniambia niongeze. Nikaongeza. Bado ananawa. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Huyu n'memuosha, Mwanaisha. Salim sikumuosha." Akanieleza yote niliyokueleza hapa, mikono ikiwa bado juu ya beseni. Kuhusu risasi alisema maneno machache sana. Aliyoyarudia ni yale ya "n'naja sasa hivi".

Sasa sikiliza ujinga wangu. Nilikuwa nimesoma madrasa vizuri, nimejaa haki na batili mpaka kooni, na nikaona tatizo zima ni ule uongo. Kumwacha Salim kulikuwa amri ya daktari, nilimwambia, lakini uongo ni wako. Bi Rukia alikuwa bado hai, ajuza, macho hayaoni vizuri. Nikamsumbua baba. Nikamwambia, "Baba, kamwambie kweli upate kulala." Nilisema kwa ukali, nikijiona mwema. Nilimsumbua mpaka akavaa kanzu siku moja baada ya alasiri akaenda, nami nikamfuata nyuma, nikakaa barazani kwa Bi Rukia kama hakimu.

Baba alisalimu, akaketi, akasema, "Mama, n'mekuja kukwambia habari ya Salim." Bi Rukia akanyoosha mkono akautafuta wa baba mpaka akaupata. Kabla baba hajaendelea akamwuliza, "Yale maji yalikuwa baridi, Bakari?"

Baba aliutazama ule mkono. Kisha akasema, "Yalikuwa baridi kidogo, mama."

"Na blanketi lilimtosha?"

"Lilimtosha."

Wakakaa vile mpaka adhana. Njiani kurudi nilikuwa nimefura kwa hasira. Nilimwambia babangu kwamba ni mwoga. Neno hilo nililitamka kwa ulimi huu, kwa mtu aliyeteremka mtoni chini ya risasi, na yeye akanijibu tu, "Ndiyo, mwanangu," tukaenda. Hatukuzungumza jambo lile tena mpaka anakufa. Nikajiwekea ile nusu ya hadithi iliyo nzuri, nikaja nikakupa wewe.

Leo nimemwelewa Bi Rukia. Nimemwelewa hapa, nikilitazama begi lako. Alijua. Nadhani alijua tangu siku ile ya kwanza mlangoni, maana mama hadanganyiki na kijana anayetetemeka. Alijua mwanawe amelala kwenye tope bila mtu. Alichotaka ni mtu mmoja duniani wa kumsaidia kuyabeba yale maji na lile blanketi, na baba akamsaidia, kila alipoulizwa, miaka yote. Nilidhani baba ndiye aliyekuwa akimficha yeye. Walikuwa wakifichana, na mimi pale barazani nikitaka kuwafunua.

Sijui nikupe wosia gani kutokana na haya, na nisingependa kujifanya ninao. Baba alisema uongo ukamla mpaka kaburini. Angesema kweli, ingemla Bi Rukia. Hakuna aliyepona mle ndani, hata Bwana Miwani sidhani. Naogopa sana mpakani, Riziki, nakwambia wazi. Naogopa risasi na mabomu ya barabarani kama kila mama. Lakini kuna hofu nyingine ambayo wenzangu hawana. Ulisema unataka kuwa yule daktari. Basi watakupa nyota mabegani na utakuwa yeye. Babu yako aliambiwa. Wewe ndiye utakayesema. Utatangulia mbele ya machela, uiname, uinuke, useme, "Yule mwacheni," na nyuma yako atakuwapo kijana wa mtu atakayekutii, kwa sababu umesema kweli na hakuna njia nyingine. Najua hakuna. Nimefikiri usiku na mchana nikitafuta namna ambayo Bwana Miwani angefanya vingine asubuhi ile, na sijaiona.

Jambo moja tu hakulifanya. Hakugeuka kumwuliza baba kama anamjua yule mtu. Jibu lisingebadilisha kitu. Salim angebaki palepale. Lakini wewe geuka, mwanangu. Mwulize. Akikwambia ni jirani yake, mwache akae naye hata kwa pumzi chache, na adhabu ya kuchelewesha machela uibebe wewe. Na kama hata hilo halitawezekana, na yamkini halitawezekana, basi angalau mtakuwa wawili mnaojua.

Wakikuvika nishani, pokea. Kukataa ni utovu wa adabu, na mshahara wako utahitaji kupanda cheo. Usiniletee hapa nyumbani, hilo tu.

Na ikiwa atakuja mwenzako, msichana wa rika lako, amevaa sare, asimame mlangoni asijue aanzie wapi, nimeshajitayarisha. Sitamhoji kama nilivyomhoji babangu. Nitamkaribisha aketi. Nitamwuliza ni nani aliyekuosha. Atasema ni yeye, nami nitamwuliza kama maji yalikuwa baridi.

Mama yako,
Mwanaisha